Kikohozi cha Mzee Maji

Sura ya Sita

Tangu mama wa bibi harusi awekwe mahabusu, maharage ya kituo yalikuwa yamepata akili.

Tuseme ukweli. Kabla yake yalikuwa maji ya moto yaliyopitiwa na maharage kwa bahati. Sasa yalinukia mpaka getini, na askari wa zamu ya jioni wakaanza kufika asubuhi, eti wamekuja kusaidia. Mkuu wa Kituo alikwishapiga marufuku: hakuna askari kula chakula kilichopikwa na mtuhumiwa wa kesi ya sumu. Askari wakamwitikia "ndiyo, afande," midomo imejaa.

Inspekta Sindano alimkuta mama huyo kwenye jiko dogo la nyuma ya kaunta, kile kijichumba cha kupikia chai, amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu. Sindano ni jina la utani. Inspekta alibandikwa jina hilo chuoni, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu maswali yake yaliingia bila kubisha hodi. Nyuma yake alisimama Koplo, mwanamume mpana mwenye moyo mwepesi, anaitazama sufuria kama mtu anayetazama picha ya mchumba.

"Koplo," Sindano alisema bila kugeuka.

"Sijagusa, afande."

"Una harage kwenye ndevu."

Koplo akajifuta. Mama wa bibi harusi akacheka mpaka kitunguu kikamponyoka.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Juzi, mama huyu aliwaalika wakwe zake watarajiwa kwa chakula cha mchana, ili familia mbili zijuane kabla ya harusi ya Jumamosi. Akapika wali, kuku, na supu ya uyoga ambayo wageni waliikwangua mpaka chini ya bakuli. Wakaagana kwa kukumbatiana. Jioni, wakiwa wamekwisha kurudi kwao, upande wa bwana harusi ukaanguka karibu wote, kama mchezo: nyuso zimeiva, mioyo inadunda, jasho, kutapika. Wajomba wawili, shangazi, kaka mkubwa, na baba wa bwana harusi. Hakufa mtu, ashukuriwe Mungu. Lakini upande wa bibi harusi, waliokula sufuria hiyohiyo, hakuna hata aliyepiga chafya. Baba wa bwana harusi akasema kwa sauti ya mtu anayejua kuhutubia: "Huyu mama hataki tumchukue binti yake. Ametulisha sumu." Akafungua kesi akiwa juu ya kitanda cha hospitali, na harusi akaivunja hapohapo.

"Mama," Sindano alisema, akachuchumaa mbele yake, "kesho asubuhi jalada lako linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Likishatoka mkononi mwangu, mimi si kitu."

"Najua, mwanangu." Mama akaokota kitunguu chake. "Na gauni la binti yangu bado sijalikunja upindo. Usiku nalala namwona anatembea, linamburuzika."

Ilimchoma Sindano, lakini hakukaa nayo. Kazi kwanza.

"Turudie uyoga. Ulitoka wapi?"

"Nyuma ya nyumba, kwenye kisiki kilichooza. Mvua ikinyesha tu, unaota. Unauwahi ungali mchanga, maana ukichelewa unayeyuka unakuwa wino. Ule mweusi mliouona kikapuni ndio huo. Mkuu wenu aliruka juu kama ameona nyoka."

"Uliupima?"

Mama akanyooka mgongo. Hapo palikuwa pameguswa heshima. "Unaniuliza kama niliupima? Nyumbani kwetu mpishi hatangulizi mgeni kwenye hatari. Unapika kidogo, unakula wewe mwenyewe, unalala. Ukiamka mzima ndipo unawapikia watu. Ndivyo alivyofanya bibi yangu, ndivyo alivyofanya mama yangu, nami nimefanya hivyo tangu nikiwa mwali. Hajawahi kuumwa mtu hata tumbo. Ukoo mzima!"

"Ukoo mzima," Sindano alirudia polepole. Jana alikuwa amezungumza na dereva wa wakwe. Dereva huyo alichelewa chakula, supu hakuionja, lakini jioni alikaa na wenzake wakafungua mvinyo, akanywa kuliko wote, na alikuwa mzima wa afya. Jambo hilo lilikuwa limemkwama Sindano kama mwiba wa samaki. "Mama, katika ukoo huo mzima, nani anakunywa pombe?"

"Pombe?" Mama wa bibi harusi alimtazama kama ameulizwa nani ndani ya nyumba ana mkia. "Mwanangu, sisi hata siki tunaitazama kwa jicho baya."

Sindano akasimama ghafla, kigoda cha pembeni kikaanguka. Uso wake mwembamba ulikuwa unang'aa.

"Koplo, washa gari."

"Afande, niwahi tu kijiko kimoja..."

"Gari!"

*

Mkemia wa maabara ya polisi alikuwa mzee mdogomdogo mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kipajini, na alipenda kazi yake kiasi cha kukera. Aliwapokea huku anasugua viganja.

"Karibu, dada, karibu! Supu nimeichambua yote. Sumu ya panya, hakuna. Dawa ya wadudu, hakuna. Zile sumu za uyoga zinazoua, hakuna hata moja. Mvinyo nao msafi. Ningekuwa na nafasi ningevinywa vyote viwili, supu na mvinyo."

"Usithubutu," Sindano alisema.

Mkemia akaacha kusugua viganja. Akatabasamu polepole, tabasamu la mwalimu aliyepata jibu kutoka dawati la nyuma.

"Hee. Umefika wapi?"

Sindano akachukua kopo la vizibo vya mpira mezani, akaanza kuvipanga. "Hawa ni upande wa bibi harusi. Wamekula supu, hawajanywa. Wazima." Akaweka vizibo kushoto. "Huyu ni bwana harusi mwenyewe. Alikula bakuli mbili, akabaki kwa mchumba wake kuosha vyombo, kwa hiyo hakuwapo kwenye mvinyo. Mzima. Huyu ni mama yake: supu ndiyo, mvinyo hapana. Mzima. Huyu ni dereva. Supu hapana, mvinyo ndiyo. Mzima." Akaweka kimoja kulia. Kisha akasukuma vilivyobaki katikati. "Na hawa ni waliokula mchana na kunywa jioni. Wote chini. Kwa hiyo sumu haikuwa kwenye bakuli, wala haikuwa kwenye glasi."

"Ilikuwa wapi?" Koplo aliuliza.

"Ndani ya maini yao," Mkemia alidakia, hakuweza kujizuia tena. Akainua mtungi wenye ule wino mweusi wa kikapuni. "Nilikuwa nakungoja uulize, dada, maana mkuu wako aliniandikia nitafute sumu tu. Uyoga huu naujua! Koplo, sogea. Ukinywa bia, inakwenda wapi?"

"Moyoni, mzee."

"Ini, kijana, ini! Ndani ya ini kuna vimeng'enya, wafanyakazi wadogo sana, na kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza kinaichukua pombe na kuigeuza kitu kingine, na hicho kitu ni kikali kuliko pombe yenyewe. Kikikaa mwilini, uso unaiva, moyo unakwenda mbio, unatapika. Lakini hukisikii, kwa sababu kimeng'enya cha pili kinasubiri palepale. Kinakipokea, kinakivunja, kinabaki kama siki tu. Umemaliza."

"Na uyoga?"

"Uyoga huu ukishaingia mwilini unatoa kipande kidogo kinachofanana mno na kile kitu kikali. Pacha wake, kwa umbo. Kimeng'enya cha pili kinakiona, kinasema huyu ndiye wangu, kinakipokea. Kosa! Kipande hicho hakivunjiki. Kinamganda mwenzake palepale pa kufanyia kazi, na hakimwachii. Hapo kimeng'enya kimekufa kikiwa wima. Sasa wewe ukinywa pombe jioni..."

"Ngoja, ngoja," Koplo alisema, amekunja uso. "Ni kama mlinzi wa lango la ukumbini. Anakuja mtu kafanana na ndugu wa bwana harusi. Mlinzi anafungua mikono, karibu! Yule mtu anamkumbatia, na hamwachii tena. Wageni wa kweli wanafika, hakuna wa kuwapitisha, wanarundikana langoni, vurugu."

Mkemia akaweka mtungi mezani. "Nimefundisha jambo hili kwa ubao na chaki," alisema, "na sijawahi kulisema vizuri hivyo."

Koplo akavimba kifua. Sindano akampiga bega.

"Na mlinzi anaachiwa lini?"

"Haachiwi. Ini linaajiri mlinzi mpya, taratibu. Siku mbili, tatu, wengine zaidi. Ndani ya siku hizo, hata tone linatosha kumfedhehesha mtu."

Kwa hiyo yule mama alikuwa amepima uyoga wake kwa uaminifu wote, na mama yake, na bibi yake, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuligundua kosa. Ungeweza kuula uyoga huo katika nyumba ile mpaka siku ya kiama. Hatari yake ilikuwa inawasubiri wakwe.

Sindano alitaka kucheka kwa furaha. Alikuwa ameshafungua kinywa Koplo alipokohoa kidogo, akachukua kizibo kimoja kutoka rundo la katikati, akakiinua.

"Afande. Na huyu?"

"Huyu nani?"

"Mzee Maji."

Furaha ikakatika kama umeme. Baba wa bwana harusi. Hata watoto walimjua kwa jina hilo, Mzee Maji, mwenyekiti wa chama cha kupinga ulevi mtaani. Mtu aliyewahi kumfukuza fundi rangi kwa sababu spiriti ya kusafishia brashi ilinukia sebuleni. Alikula supu. Jioni wenzake walikunywa mvinyo kwa kumkomoa, yeye akiwahubiria. Na aliugua kuliko wote.

"Mkuu ataniambia hivi," Sindano alisema. "Kama ni pombe, mbona asiyekunywa ndiye aliyelazwa mpaka leo? Na atakuwa na haki. Kizibo kimoja kinaangusha vyote."

Mkemia akashusha miwani ya kipajini, sasa akawa na yote miwili puani. "Ini halina heshima kwa mwenyekiti, dada. Kama aliiva, aliinywa."

*

Nyumba ya Mzee Maji ilikuwa safi na nyeupe, na mbele yake palikuwa na bustani ya maua nzuri kuliko zote mtaani. Matuta yalizungushiwa chupa ndogo za kahawia, zimepandwa kichwa chini, moja baada ya nyingine, safu ndefu inayometa juani. Koplo alijikwaa kwenye mojawapo akaomba radhi.

Mama mkwe, yaani mke wa Mzee Maji, aliwafungulia mlango. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya utani, ila leo yalikuwa yamechoka.

"Karibuni. Amerudi asubuhi hii. Mniwie radhi, nyumba imekuwa kimya mpaka inatisha. Mzee wangu huimba kila jioni, majirani wanajua, lakini tangu aende hospitali hata kupiga mluzi hapigi."

Mzee Maji aliketi sebuleni amevaa koti zito, shingo imefungwa skafu, amejaa hasira na heshima. Ukutani nyuma yake palikuwa na bango la chama chake: glasi ya maji, na jua linachomoza ndani yake.

"Binti," alimwambia Sindano, "umekuja kunieleza yule mwanamke anapelekwa mahakamani lini."

"Nimekuja kuuliza swali moja, mzee. Juzi jioni, wenzako wakinywa, wewe ulikunywa nini?"

"Maji."

"Na baada ya maji?"

"Maji."

"Na katikati?"

"Unanitania? Jina langu ni nani?"

"Inasemekana wengine huwa na chupa mahali," Sindano alisema taratibu. "Hata watu wazuri. Mimi simhukumu mtu."

Ndipo Mzee Maji aliposimama, na hasira yake ilikuwa ya kweli. Sindano alikuwa amehoji waongo kwa miaka mingi. Mwongo hukasirika haraka, kisha anakutazama kuona kama umeamini. Mzee huyu hakumtazama mtu.

"Tafuta!" alinguruma. "Koplo, tafuta! Fungua kabati, inua godoro, ingia darini! Ukipata tone, tone moja, nitalinywa mbele ya wanachama wote!"

Koplo alitafuta. Alifungua kabati, akainua godoro, akaingia darini akatoka na utando wa buibui kichwani. Akarudi na mikono mitupu.

"Hakuna, afande. Nyumba kavu kama biskuti."

Sindano alikaa. Mzee huyu hakuwa anadanganya, na ini lake nalo halikuwa linadanganya, na mmoja kati ya hao wawili lazima awe amekosea. Aliwaza gauni lisilo na upindo.

Mzee Maji naye, kwa kupiga kelele, alikuwa ameamsha kifua. Akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha mazoea, kilichokuwa na mwendo wake kama wimbo.

"Haya, kimerudi," mkewe alisema. "Hospitali walikitoa, ukafika nyumbani umekipokea mlangoni." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la mumewe kwa wepesi wa mtu anayefanya jambo hilo kila siku, akatoa chupa ndogo ya kahawia. Kutoka mezani akachukua upawa.

Upawa. Ule wa kupakulia supu.

Akamimina ukajaa. Mzee Maji akafumba macho, akagugumia, akalamba mdomo.

"Mzee," Sindano aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "kikohozi hiki unacho tangu lini?"

"Tangu kaka mkubwa wa bwana harusi anaota meno," mkewe alijibu. "Hakiponi, na hakiui. Duka la dawa wanatupa punguzo."

"Na hospitali hukuinywa hiyo?"

"Walinikatalia," Mzee Maji alilalamika. "Walinipa vidonge. Madaktari wa siku hizi..." Akagusa shavu lake. "Mama watoto, umefunga dirisha? Kuna joto."

Hapakuwa na joto. Sindano alisogea mbele. Masikio ya mzee yalikuwa yanaiva, kisha shingo, kisha macho yakawa mekundu, na jasho likamtoka kwenye kipaji. Akashika kifua.

"Linanijia tena! Lilelile la juzi! Moyo unakimbia!" Akainua kidole kuelekea upande wa mjini. "Ananiroga! Yule mwanamke ananiroga akiwa mahabusu!"

"Koplo, mapigo."

Koplo akamshika mkono, akahesabu. "Yanakwenda mbio, afande, lakini yana nguvu. Ni ya mtu anayepanda kilima, si ya mtu anayeanguka." Kisha, kwa kuwa yeye ni yeye, akachukua chupa, akainusa, akadondosha kidogo kwenye ulimi. Macho yakamtoka. Akaonja tena, kwa ajili ya upelelezi.

"Afande," alisema kwa heshima kubwa, "hii ni pombe kali iliyovaa koti la asali."

Mama mkwe akaweka upawa chini.

Sindano alikuwa ameshampigia Mkemia simu. Alimtajia dawa, akasikiliza, akaongeza sauti ya simu wote wasikie. "Hiyo? Hiyo naijua!" Mkemia alipiga kelele ndani ya simu. "Karibu robo ya chupa ni spiriti! Ndiyo maana wanaandika kijiko cha chai. Anakunywa kiasi gani?"

"Upawa," Sindano alisema.

"Upawa! Huyo mzee ana ini la chuma! Mpeni maji, alale ubavu, mtazameni. Nusu saa atatulia. Ikizidi, hospitali. Na chupa hiyo aiache!"

Wakampa maji, safari hii maji kweli, wakamlaza kwenye kochi. Sindano akamweleza yote kwa upole, ini, mlinzi, na yule mgeni anayekumbatia bila kuachia. Mzee Maji alisikiliza ametazama dari. Wekundu ulianza kumtoka, na aibu ikachukua nafasi yake.

Mkewe ndiye aliyeanza. Ilikuwa sauti ndogo, kama maji yanayokaribia kuchemka, kisha akashindwa, akakaa chini kwenye zulia akacheka mpaka machozi.

"Kila jioni!" alisema. "Kila jioni miaka yote hii! Anarudi kutoka kuwahubiria walevi, anakunywa upawa wake, anaimba, ananiita malaika, ananiambia tucheze! Nami nikajua ni neema! Bustani yote, jamani, bustani yote nimeizungushia chupa!"

Koplo aligeukia dirisha, akaikumbuka ile safu ndefu inayometa, na mabega yake mapana yakaanza kutikisika.

"Kikulacho ki nguoni mwako, baba," mama mkwe alisema, akijifuta macho kwa kanga. "Kilikuwa mfukoni mwa koti!"

Mzee Maji hakucheka. Akaketi polepole. "Binti," alisema, "umefanya kazi yako vizuri. Sasa utaniomba niandike maelezo mapya."

"Ndiyo, mzee. Leo. Bila wewe, kesho jalada linakwenda."

"Na jalada linasomwa. Na mtaa utasikia. Mwenyekiti." Akatazama bango ukutani, ile glasi na jua lake. "Siwezi. Sikujua, Mungu shahidi. Lakini nani ataamini? Nitachekwa mpaka kaburini. Sitasema."

Kicheko cha mkewe kikakatika. Alisimama kutoka kwenye zulia, na Sindano akaona kwamba nyumba ile ilikuwa na mwenyekiti mwingine.

"Nilikucheka mimi," alisema, "na bado upo. Hujayeyuka. Yule mama alikupikia kwa mikono yake, akaula uyoga kwanza yeye ili wewe usidhurike, na wewe ukamwita muuaji. Anamenya vitunguu mahabusu kwa ajili ya upawa wako. Mwanao hajala tangu jana. Ama tutachekwa tukiwa na mkwe, baba, ama tutaheshimiwa tukiwa hatuna. Chagua."

Mlangoni alikuwa amesimama bwana harusi. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Alikuwa ameshika viatu vyake vya harusi, vipya, ndani ya boksi lao, kama mtu anayevirudisha dukani.

Mzee Maji aliviangalia viatu hivyo muda mrefu.

"Mama watoto," alisema mwishowe, "nipe kofia yangu. Ile ya mikutano."

*

Walifika kituoni askari wakiwa wanakula. Mkuu wa Kituo mwenyewe alikuwa na bakuli, na alilificha nyuma ya rejista alipomwona Sindano.

Mzee Maji alivua kofia mbele ya kaunta. Alihutubia, maana hakujua kusema kwa namna nyingine. Alisema kwamba supu haikuwa na sumu. Alisema kwamba yeye, mwenyekiti, kwa miaka mingi, kwa kutojua, amekuwa akinywa. Alisema kwa sauti inayosikika mpaka barabarani, na hakujificha nyuma ya neno lolote. "Nilisema likipatikana tone nitalinywa mbele ya wanachama wote," alimaliza. "Kumbe nilikwisha kulinywa. Mfungueni mkwe wangu."

Hakuna aliyecheka. Askari mmoja alianza kupiga makofi, akaona aibu, akaacha, kisha wote wakapiga. Sindano alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mkuu wa Kituo aliuliza kama Mkemia ataweka maneno hayo kwenye karatasi, Sindano akamwambia karatasi iko njiani, na Mkuu akachukua kalamu akafuta jina kwenye orodha ya mahabusu, akainama kidogo kuficha kwamba amefurahi.

Mama wa bibi harusi akatoka jikoni anajifuta mikono. Alikuwa amesikia kila neno. Ukuta ule ulikuwa wa mbao. Akasimama mbele ya mtu aliyemwita muuaji. Mzee alikuwa mfupi kuliko yeye, ametazama chini, kofia mkononi.

Sindano akaacha kupiga makofi. Alijua amefungua mlango wa mahabusu. Ule wa msamaha, ufunguo wake hakuwa nao.

"Kwanza," mama alisema, "mimi nina deni. Nitauliza kila mgeni wangu anakunywa nini kabla sijamwekea uyoga, na nitawafundisha wanangu hivyo. Bibi yangu hakulijua hili. Sasa tunalijua."

"Mama, usi..." Mzee Maji alianza.

"Pili, nani ana uzi na sindano? Nina gauni la kukunja upindo, na siku zimekwisha."

Bwana harusi alilia waziwazi, boksi la viatu limebanwa kwapani. Mama mkwe alikimbia akamkumbatia mwenzake, na wakayumba pale mbele ya kaunta mpaka kigoda kingine kikaanguka. Walipoachiana, mama wa bibi harusi alimgeukia Mzee Maji. Alimpima kuanzia skafu mpaka viatu, na kona ya mdomo wake ikacheza.

"Na kikohozi, mkwe? Nasikia ni cha miaka mingi. Hakijambo?"

Mzee Maji alinyanyua uso. Kifua chake kilijaa, kikataka, kikasita. Kituo kizima kilisubiri.

"Kimepona, mama," alisema. "Kimepona leo leo."